Nilimnyima Farasi Nyasi ili Agneta Afukuzwe

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Kitale. Naishi Silver Spring, Maryland. Haya ninayowaandikia hata mchungaji wangu hayajui. Na Agneta akiyasoma, basi na ayasome!

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namtunza mzee mmoja mgonjwa nyumbani kwake. Mzee alipofariki, nikabaki bila kazi. Agneta alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, tukikaa nyumba moja na kusali pamoja. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye zizi la farasi wa mbio alikokuwa akifanya kazi. "Ni kama ng'ombe tu, Sista," akaniambia. "Tofauti ni hawa wanakula poa kuliko sisi."

Laiti ingekuwa kweli!

Nilipewa farasi wa kahawia mwenye doa jeupe kooni kama kola ya kasisi. Nikamwita Padri. Nilipompigia simu binti yangu Nafula, aliyekuwa na miaka tisa na akilelewa na mama yangu Kitale, swali lake la kwanza lilikuwa Padri. Ameshinda? Mwambie namsalimu!

Padri hakuwa akishinda. Alikuwa mgonjwa... Nafaka aliiacha nusu. Alitafuna mbao za mlango, alisaga meno, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Bosi alisema ni uvivu.

Mimi nimekulia na mifugo, na yule mzee wangu alikuwa na vidonda vya tumbo. Nikaanza kuangalia. Farasi alifungiwa karibu kutwa nzima. Alimwagiwa nafaka nyingi kwa mkupuo, lakini nyasi kavu alipewa kiganja tu, eti asiwe mzito. Asubuhi alikimbizwa tumbo tupu. Halafu, kwa sababu ya goti lililomsumbua, alipewa unga wa dawa ya maumivu, tumbo likiwa bado tupu! Mzee wangu nilikatazwa kabisa kumpa dawa ya namna hiyo kabla hajala. Je, farasi ana tumbo la chuma?

Nikaanza kumpa nyasi kabla ya mbio, na ule wavu wa kuwekea nyasi mlangoni pake nikahakikisha haubaki mtupu. Dawa nikampa akishakula. Yote hayo nilimweleza Agneta garini, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya magari barabara kuu ya Beltway. Alitikisa kichwa kwa mshangao akasema nina akili sana. Kumbe alikuwa anahifadhi kila neno!

Baada ya wiki chache Padri aling'aa, na akashika nafasi ya pili. Bosi akamwita daktari wa farasi, naye akapitisha mpira mrefu wenye kamera puani mpaka tumboni. Vidonda vilikuwepo kweli, lakini vilikuwa vinapona. Daktari alitueleza kwamba tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali, na kutafuna nyasi ndiko kunakomkinga. Akayataja mambo yale yale niliyokuwa nimeyaona, moja baada ya jingine.

Wakati huo bosi alikuwa anatafuta nyapara, na aliahidi kumfanyia mtu huyo makaratasi ya ukaazi. Makaratasi! Kwangu mimi maana yake ilikuwa Nafula kuja. Nilikuwa na uhakika hadi nikamwambia mtoto ajiandae, naye akawaaga wenzake darasani.

Bosi alipouliza nani aliyemponya Padri, nilikuwa nimeenda kuchota maji. Agneta alijibu kuwa ni yeye. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyekuwa namwachia wavu mtupu!

Nilikuja kuyajua pale bosi aliponinyooshea kidole mbele ya watu, akaniambia nishukuru kwamba Agneta amenitetea, la sivyo ningefukuzwa. Nikahamishiwa zamu ya jioni, kuzoa mavi. Agneta akawa nyapara.

"Sista, nilipanic," aliniambia tulipofika nyumbani. "Boss aliniuliza ghafla tu. Na si hata mimi niko na shida zangu? Wewe tulia, nikishapata hizo paper nitakusort."

Nitulie! Nani angemwambia mtoto wangu arudi darasani akawaambie wenzake kwamba haendi tena?

Wasomaji, nilimchukia Agneta mpaka sauti yake ya kuimba tenzi jikoni ilinitia kichefuchefu. Sikutaka aniombe radhi. Nilitaka aumie kama nilivyoumia, tena mbele ya bosi yule yule.

Na silaha nilikuwa nayo... Daktari alikuwa amenikabidhi bila kujua.

Jioni nilikuwa peke yangu zizini. Agneta aliacha wavu umejaa na kwenda zake. Nami niliutoa, nikaficha nyasi chini ya mavi kwenye toroli, nikarudisha wavu mtupu ili ionekane Padri amekula zote. Nafaka nilimwachia, tena nikamwongezea. Unga wa dawa nilimwekea kwa mkono mzito. Kila kilichokuwa kimemharibu tumbo zamani nilimrudishia kwa makusudi.

Haikupita wiki mbili, akaanza tena kusaga meno. Nilifurahi! Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi. Bosi alimfokea Agneta kila asubuhi, na mimi nyumbani nilimpikia chai na kumwambia pole, dada.

Jumapili moja Agneta alisimama kwenye ushirika wetu akilia, akaomba tumkumbuke kazini kwake, kwa maana adui amemwinukia. Mchungaji akatangaza tufunge na kuomba siku tatu, maji tu. Amina yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Nilifunga kweli. Ningekula wapi, naye tunakaa nyumba moja? Siku ya tatu, nikisukuma toroli, kichwa kilinigonga nikameza vidonge viwili vya maumivu. Baada ya muda tumbo liliwaka moto. Nikajikunja, nikaegemea mlango wa Padri, nikasikia meno yangu yanasagana. Na ndani, nyuma ya ubao, nikasikia ya kwake...

Nilielewa. Niliujua uchungu wake kwa tumbo langu mwenyewe. Na wavu wa nyasi ulikuwa mkononi mwangu!

Je, niliurudisha? Hapana. Zilibaki siku mbili afike mashindanoni, na nilitaka Agneta aanguke. Nikazifunika nyasi kwa mavi, nikarudisha wavu mtupu, nikaenda nyumbani kufungua saumu yangu kwa uji.

Padri alikuwa wa mwisho. Mpira wenye kamera ulionyesha vidonda vyote vimerudi, vingine vikivuja damu. Agneta alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alilia mbele ya wafanyakazi wote, na mimi nikasimama kumtazama mpaka alipotoka getini. Bosi akanipa unyapara.

Kisha akasema farasi wa namna hiyo hamfai tena. Amemuuza. Kwa nani? Hakuna aliyetaka kulitaja jina la mnunuzi, ingawa sote tulijua farasi anaowanunua huishia machinjioni. Lori lilipofika, Padri aligoma kupanda. Walimvuta, walimchapa, akakataa katakata. Bosi akaniita mimi, kwa kuwa farasi ananijua.

Nikachukua nyasi mkononi. Akazinusa... akanifuata. Alipanda lori lile taratibu, akila kiganjani mwangu.

Makaratasi yangu yalipatikana. Mwezi uliopita Nafula alifika. Uwanja wa ndege alinikumbatia, kisha akaniuliza ni lini nitampeleka kumwona Padri. Nilimdanganya kwamba yuko shamba, anapumzika.

Agneta siku hizi anaishi Springfield. Tukikutana harusini tunapeana mikono. Sijamsamehe! Alichonifanyia hakikuwa kitu kidogo, na sitajifanya mtakatifu hapa. Lakini yeye alipata kazi nyingine baada ya wiki mbili tu, na ananenepa. Aliyelipa ni yule asiyenikosea lolote.

Ndugu zangu, mtu akikudhulumu, mfuate mwenyewe. Mgombeze, mshtaki kwa mchungaji, mtukane barabarani ukitaka! Nawasihi, msimtafute adui yenu kupitia tumbo la asiyehusika. Mimi Agneta naweza kumpigia simu hata leo tukamalizana. Padri nitampata wapi?