Ujumbe wa Saa Nne

Foleni ya duka la vitambaa ilizunguka jengo zima, kila mtu juu ya duara lake la rangi nyeupe, barakoa usoni, na ole wake atakayekohoa. Ndani, jora la mwisho la pamba lilikuwa juu ya kaunta. Mikono miwili ikalikamata kwa pamoja.

"Samahani, bibie, hili nililiona tangu nikiwa mlangoni."

"Wewe uliliona, kaka, mimi nimelishika. Tumuulize mwenye duka?"

Mwanamume alikuwa mrefu, shati la kijivu lililopigwa pasi likapigika, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Juu ya barakoa yalionekana macho tu, nayo yalikuwa yanacheka. Mwanamke alivaa gauni la samawati na begi lililotapika bahasha.

"Bahasha zote hizo? Unagawa kadi za harusi?"

"Ningekuwa na mchumba ningegawa. Hizi ni za kuombaomba."

Hakuwa anatania. Kwa miaka sita, kila Ijumaa, alisimama kwenye lango la soko akigawa bahasha za mchango kwa ajili ya Nyumba ya Faraja, mahali wanapotunzwa wagonjwa ambao hospitali imenawa mikono. Kazini wote walimwita Bi Bahasha. Sasa gonjwa lilikuwa limefunga soko, matembezi ya hisani ya kila mwaka yamefutwa, na nyumba yenye vitanda kumi na vinne ilikuwa imebakiwa na akiba ya miezi miwili. Alitaka kushona barakoa auze.

"Kushona unajua?"

"Najua kutunga uzi kwenye sindano. Mara nyingine."

Mwanamume, ambaye kwa kushona nguo kila mtu alimwita Fundi, aliangua kicheko hadi mwenye duka akageuka. "Chukua jora, bibie. Ila unichukue na mimi, maana wewe na cherehani mtaumizana."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na asikudanganye mtu kwamba mapenzi huhitaji uso mzima. Fundi alishona, Bi Bahasha aliuza, na jioni simu ikawa haipoi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Nasikia tumbo lako mpaka huku."

"Basi njoo unipikie, mpenzi, uache kunipeleleza."

"Nikija sitaondoka."

"Nani kakwambia nataka uondoke?"

Mwezi wao wa pili pamoja, saratani ya mama yake Fundi ikapamba moto, hospitali ikamrudisha. Bi Bahasha mwenyewe ndiye aliyempatia kitanda karibu na dirisha pale Nyumba ya Faraja. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, basi Fundi alikuja kila alasiri kusimama nje ya kioo, simu sikioni, mama naye ndani na simu yake. Mama alikuwa na ulimi.

"Mkwe wangu," alimwambia Bi Bahasha siku moja, "huyu mwanangu anashonea watu wote, yeye anatembea na kifungo kimekatika. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Haya. Nimeshakukabidhi."

Lakini barakoa zilianza kushonwa na kila mtu, bei ikaanguka, na maji yakamfika Bi Bahasha shingoni. Lililobaki lilikuwa orodha ya waliofiwa. Desturi ya nyumba ilikuwa hivi: mgonjwa akifariki, muuguzi mkuu, waliyemwita Dada Mkubwa, aliweka alama kwenye faili lake ndani ya kompyuta. Miezi mitatu ikipita, Bi Bahasha alimpigia ndugu wa marehemu, akampa pole, akamuuliza kama angependa kuchangia kwa kumbukumbu ya mtu wake. Wengi walikubali.

Sasa mwenyewe hakuweza kupiga simu zote. Akarekodi sauti yake, mashine ikawa inafuata alama za kwenye mafaili na kuwapigia ndugu kila siku saa nne asubuhi. Kisha akaona kwamba baada ya miezi mitatu watu wengi walikuwa wameachishwa kazi, mifuko imekauka. Akapunguza ikawa mwezi, halafu wiki. Mwisho akaondoa kusubiri kabisa.

"Mwenzangu," Dada Mkubwa alimwonya, "aliyefiwa jana humwombi kitu."

"Na hawa waliomo vitandani niwaambie nini? Warudi wapi?"

Michango ikaongezeka, dawa za maumivu zikanunuliwa, na Bi Bahasha akajiambia amefanya vema.

Alhamisi moja alikuwa stoo akihesabu maboksi ya glavu, simu ikaita.

"Mpenzi," sauti ya Fundi ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa tu, "mbona umenipa pole? Pole ya nini?"

"Sijakupigia, mpenzi. Niko stoo tangu asubuhi."

"Umenipigia sasa hivi. Ni sauti yako. Umesema mnanipa pole kwa kuondokewa. Umesema nikibonyeza moja nitachangia." Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?"

Glavu zilimwagika sakafuni. Alikimbia hadi wodini, simu bado mkononi, akakuta shuka limefunika uso. Dada Mkubwa alikuwa pembeni, simu ya ofisi sikioni. Mama alikuwa amekata roho saa tatu na nusu. Dada Mkubwa alimsitiri, akafungua faili kutafuta namba ya mwana, akaweka alama kama alivyozoea, kisha akapiga. Simu ya Fundi ilikuwa inatumika. Aliyekuwa anaongea naye ni Bi Bahasha, Bi Bahasha wa kwenye mashine.

"Haloo?" Fundi alikuwa anaita. "Nijibu. Mama yuko wapi?"

Hakuweza kufungua mdomo. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote baadaye, kwamba alinyamaza mpaka simu ikakatika.

Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Yeye alisimama nje ya lango na barakoa iliyolowa machozi. Fundi alimpita bila kumtazama. Alipopiga simu haikupokelewa, akaandika ujumbe, haukujibiwa.

Akazima mashine. Akakaa na orodha nzima ya wote waliowahi kusikia sauti ile mapema kuliko inavyostahili, akawapigia mmoja mmoja kwa kinywa chake kuwaomba radhi. Wapo waliomtukana, akapokea. Wapo waliolia, wakamsimulia marehemu wao kwa saa nzima. Naye hakuwaomba hata senti. Ajabu, wengi wao walituma, na baadhi wakawa wanatuma kila mwezi, nyumba ikasogea. Haikumfariji. Mtu aliyetaka kumsikia alikuwa mmoja tu.

Siku ya kumi na tisa akapiga moyo konde, akaenda kwenye duka lake la kushonea. Fundi alikuwa mbele ya cherehani, miguu imetulia, shati halijapigwa pasi.

"Umefuata nini?"

"Sikuja kujitetea. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha nimeutafuta, sijauona. Kila nikikumbuka sauti yako naisikia ile." Aligusa kitambaa, akakiacha. "Watu wote wananipa pole, lakini mimi hakuna aliyeniambia. Mtu huketishwa, akashikwa mkono, akaambiwa. Mimi niliambiwa nibonyeze moja. Tangu siku ile sijalia. Nashindwa."

Bi Bahasha alibaki amesimama, hajui aondoke au akae.

"Niambie wewe," Fundi alisema polepole.

"Nikwambie nini, mpenzi?"

"Habari ya mama. Kama vile sijui. Niambie kama mtu anavyoambiwa."

Alivuta kigoda akaketi karibu naye, akamshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Mpenzi, nimekuja na habari nzito."

"Sema."

"Mama ametutoka. Asubuhi, saa tatu na nusu. Hakuwa peke yake, Dada Mkubwa alikuwa kitandani kwake. Aliomba maji, akanywa vijiko viwili. Akauliza kama umeshafungua duka. Akaambiwa ndiyo, ameshafungua. Akasema, 'Vizuri.' Halafu akalala, na hakuamka tena."

Fundi alimtazama kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kilio kikamtoka kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto aliyeachwa, akaanguka kifuani kwa Bi Bahasha, naye akampokea, wakalia wote wawili.

Alipopata pumzi akasema, "Tena."

"Mpenzi…"

"Tena. Anzia pale alipoomba maji."

Bi Bahasha akajifuta uso, akamshika vizuri zaidi, akaanza upya.