Kona ya Tatu ya Mampong

Mambo haya yalimpata mdogo wangu Afriyie, binti wa mama mdogo, na ningependa sana kusema kwamba mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, jua la Kumasi likiwaka, nami sina kipindi chuoni. Nikasikia honi nje. Honi ya gari lake mwenyewe, jekundu, lenye maandishi nyuma: WALIOCHEKA WAKO WAPI. Mimi nina shahada mbili na huomba lifti. Yeye aliacha shule, akauza vitambaa vya misiba, akanunua gari. Nilimpongeza kwa mara ya tano. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu.

"Dada Serwaa, panda twende Suame kwa mafundi. Usukani umekuwa mgumu! Kukata kona mpaka nifunge na kuomba."

"Labda ni mikono. Imezoea mkasi."

"Wivu huo, dada." Akacheka. Mimi nilipanda, nikatazama nje.

Fundi Nsiah alipima upepo wa matairi. Sawa. Akabonyeza mkanda wa pampu. Sawa. Akafungua kikopo cha mafuta ya usukani, akachovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Madamu, humu umetia nini?"

"Mafuta ya upako. Mchungaji alisema niupake usukani. Kupaka juu juu nikaona ni uvivu, nikamimina yanapokaa mafuta yake."

"Chupa nzima?"

"Nusu. Nusu nyingine nilipaka kitanda."

"Mama, pampu haiokoki. Mafuta ya zeituni si chakula chake."

Gereji nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kile kicheko kilikuwa kitamu mdomoni kuliko inavyofaa.

Nsiah alimwaga mafuta yote, akasafisha, akatia mapya, akainua gari kwa jeki na kuzungusha usukani huku na huku ili hewa itoke. Ulipaswa kuwa mwepesi. Ulizidi kukaza.

Akaingia chini ya dashibodi, akafungua kiungo kinachounganisha usukani na vyuma vya chini.

"Sasa haujashika kitu," alisema. "Ufunguo umewashwa, kufuli limeachia. Hata kichanga anauzungusha kwa kidole."

Akajaribu kwa kidole. Kwa mkono. Kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka. Vyuma vya chini alivizungusha kama kijiko kwenye mchuzi. Usukani wenyewe, uliobaki peke yake hewani, haukusogea.

"Kuna kitu kinaushikilia," alinong'ona.

Nilisema jambo la kisomi kuhusu msuguano, kisha nikaenda kununua ndizi za kuchoma. Nikiwa pale kwa muuzaji, nawaza ndizi tu, nikasikia Afriyie akipiga kelele za furaha. Nilirudi nikamkuta anauzungusha usukani kama feni. Nikamtazama. Nikawaza: mwone.

Ukasimama.

Nsiah alitazama usukani. Akanitazama mimi. Kisha akatazama mkono wangu wa kulia, kidole cha kati kisicho na ncha. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nageuza fufu, ugali wetu wa kutwangwa, kinuni. Mchi alishika Afriyie, na siku moja ulitua kidoleni.

"Nyie ni ndugu?"

"Mama zetu ni wa tumbo moja."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeipata hitilafu. Kwetu kila mtu anajua: anayekuroga hatoki mbali, anatoka upande wa mama. Na wanasema mchawi mwingine hajijui.

"Fundi," nikamwambia, "funga vyuma vyako."

Nilipogeuza macho usukani ulilegea tena, na Jumamosi asubuhi Afriyie alikuwa aende Mampong kuwapelekea mama zetu vitambaa vya msiba. Barabara ile inapanda ukingo wa mlima, kona juu ya kona, bonde likisubiri chini.

"Usiende," nilimwambia.

"Dada! Hata barabara unanionea wivu?"

Akaondoka.

Saa nne nilikuwa uani naosha vyombo. Nikaona akilini mama zetu wakilizunguka lile gari, wakiimba jina lake. Mama yangu akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mikono yangu ikajifumba.

Ilijifumba hewani, mbele yangu, kama imeshika duara. Sahani ikavunjika. Nikavuta. Haikufumbuka. Kulikuwa na mtu upande wa pili. Anavuta pia. Analia. Nikasikia harufu ya zeituni.

"Mwachie," nikanong'ona.

Mikono haikusikia. Ilinijua mno. Maneno matupu haikuyataka.

Nikatafuta moyoni kitu kimoja cha kweli. Kimoja tu. Nikakipata kwa shida: siku ile ya mchi, Afriyie alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Yeye mdogo, mimi mkubwa. Njia nzima alikuwa analia kunizidi.

Mikono ikafunguka.

Simu ikalia. "Dada." Alikuwa anahema. "Kona ya tatu. Ulikaza. Tairi moja lilikuwa hewani, dada. Niliita Yesu. Nikaita mama. Nikaita jina lako. Usukani ukalegea."

Aliporudi alinionyesha. Kwenye ngozi ya usukani palikuwa na alama za vidole, zimebonyea ndani. Hazikuwa za dereva. Zilikuwa za mtu aliyeushika kutoka mbele, amemwelekea yeye uso kwa uso. Upande wa kushoto wa Afriyie, mahali ambapo mkono wa kulia wa mtu huyo ungekaa, palikuwa na vidole vitatu vizima na cha kati kifupi. Nilificha mkono kwenye kitambaa nilichojifunga. Kesho yake alinunua kava la usukani, la maua.

Mwezi uliopita alinipa lifti kwenda Mampong. Nilikaa kiti cha nyuma, kwa kupenda kwangu. Kava la maua upande wa kushoto lilikuwa limeanza kubonyea. Vitatu vizima. Kimoja kifupi.

Afriyie aliniona kwenye kioo.

"Dada," alisema taratibu, macho barabarani, "niwazie jambo jema kidogo. Tunakaribia kona."