Aliyelivaa Mwisho

Mtaani wananiita Mama Magwanda. Nakusanya sare za zamani za jeshi, na kila nikipata moja namtafuta aliyeivaa, au wanawe. Mume wangu husema nimeolewa na jeshi zima, yeye ni raia wa kupita tu.

Jioni ile nilikuwa natoka kununua mkate. Nikafunga mlango, nikageuka, nikamkuta kijana amesimama ukutani. Sikusikia hatua zake. Alivaa shati jepesi, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Na joto la siku ile lilikuwa la kukutoa jasho hata ukiwa umekaa.

"Wewe ndiye unayewatafuta wenyewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

Hakuingia. Alinipa gwanda lililokunjwa. "Nitafutie aliyelivaa mwisho."

"Nikimpata nikupigie namba gani?"

"Nitajua."

Nilipoinua macho, alikuwa ameshakata kona.

Mume wangu alilinusa lile gwanda, akalisukuma pembeni. Lilinuka udongo mbichi. "Mtu asiyeacha hata namba ya simu ana lake jambo," akasema. "Mrudishie."

"Nimrudishie wapi?"

Mimi pia nilimshuku. Labda mwizi. Labda ndugu wanaogombea urithi. Jina la kifuani lilikuwa limefumuliwa, uzi kwa uzi. Nikaupindua mfuko wa ndani, nikaumulika tochi kutoka pembeni. Namba ya askari ikajitokeza... na chini yake nyingine, imekwanguliwa. Sare hurithiwa, hilo si ajabu. Lakini stoo hugonga mhuri upya. Hii ya juu iliandikwa kwa mkono, harakaharaka.

Mjomba wangu, mtunza stoo mstaafu wa jeshi, aliitambua ya juu papo hapo. "Huyu sasa ni seremala, anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali." Ile ya chini aliitazama muda mrefu. "Huyu hakurudi," akasema, akaanza kuzungumzia mvua.

Kesho yake, jua likizama, nikabisha hodi kwa seremala. Mkewe akafungua, bibi mchangamfu; nikamwambia nimeelekezwa na mjomba wangu, mtunza stoo.

"Karibuni."

Nilidhani ni heshima tu. Akavuta viti viwili. Akaleta maji, glasi mbili.

"Niko peke yangu, bibi."

Akakitazama kiti cha pili. Akanitazama mimi. Akacheka kidogo, kama mtu asiyependa utani wa wageni.

Harufu ya udongo ilizidi. Nikajiambia ni gwanda, limo kwenye mfuko wangu.

Mzee akatoka chumba cha nyuma, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakunitazama mimi.

"Umemleta," alinong'ona.

"Nani, mzee?"

Alishika mwimo wa mlango. "Kule milimani kulikuwa na baridi... baridi ya kuua. Alikuwa amejeruhiwa, tulijua hafiki asubuhi. Mwenzangu akanishikia taa. Nikamvua gwanda." Akakitazama kile kiti kitupu. "Alikuwa bado anapumua."

Kiti cha pili kikatoa mlio.

Polepole. Kama mtu anayejisogeza mbele ili asikie vizuri.

Nililiacha gwanda mezani. Nilivyofika barabarani, sikumbuki.

Mzee alianza kutetemeka usiku uleule. Walimfunika mablanketi ya nyumba nzima. Daktari hakuona homa wala jeraha. Alipokata roho, wanasema, mwili ulikuwa umeshapoa kitambo.

Sikuthubutu kwenda mazikoni. Baada ya msiba, bibi akanipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, wageni wote wameondoka. Yule kijana uliyekuja naye alibaki. Amekaa palepale, amelivaa lile gwanda. Leo ndiyo kafungua mdomo."

"Kasema nini?"

"Kamuulizia aliyeshika taa."

Nikakaa chini.

"Marehemu aliniambia ni mjomba wako," akaendelea. "Nimemwelekeza kwake. Nisamehe, mwanangu. Nilitaka atoke nyumbani kwangu."

Nikampigia mjomba. Simu ikaita... ikaita... ikapokelewa.

"Mjomba?"

Hakuna aliyejibu. Nilisikia meno tu, yakigongana.

Na sikujua ni ya nani.