Aliyeingia Kabla Yake

Mwalimu alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia mke wake akiingia. Mlango ulifunguka, funguo zikalia, mkoba ukawekwa chini, viatu vikavuliwa kimoja kimoja, kisha ikafuata ile pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na kazi za watu.

"Pole na kazi," alisema bila kugeuka. "Chai iko kwenye chupa."

Hakujibiwa. Alidhani mwenzake amenuna, maana siku hizo kununa kulikuwa hakumwishi. Simu ikaita mfukoni. Alikuwa mke wake.

"Nitachelewa," alisema, na nyuma yake mashine ya kuchanganyia zege ikawa inanguruma. "Hawa mafundi wamenipindishia ukuta. Siondoki mpaka wauvunje mbele ya macho yangu."

Mwalimu akachungulia sebuleni. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mkoba wala mtu, ila harufu ya vumbi lililoguswa na mvua. Nje jua lilikuwa kali.

Mke wake alikuwa msanifu wa majengo, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Msanifu. Nyumba waliyokaa iliachwa na wazazi wa Mwalimu. Zamani mtu hakuingia humo moja kwa moja. Alipanda kwanza kibarazani penye benchi la saruji, akavuka kizingiti, akapita kwenye ujia mfupi wenye giza ambamo watu waliacha viatu na miavuli, ndipo akatokea sebuleni. Msanifu aliuchukia ujia ule tangu alipoolewa.

"Ni nafasi ya kupita tu," alimwambia mumewe. "Hakuna anayeishi kwenye ujia."

Akachora upya. Kibaraza na ujia vikavunjwa, sebule ikasogea mpaka ukuta wa mbele, na sasa ukifungua mlango mguu mmoja uko uwanjani na wa pili uko kwenye zulia. Wageni walisifu. Mwalimu naye alisifu, ingawa mvua ikinyesha alinung'unika kwamba hana pa kukunjia mwavuli.

Aliposimuliwa habari ya mlango, Msanifu alicheka. "Mwangwi huo. Chumba kipana, kuta tupu." Akatundika mapazia mazito. Sauti zikarudi. Akabadilisha bawaba, akapiga mpira kwenye fremu, akang'oa kitasa na kuweka kingine. Kila alipokuwa njiani kurudi, yule mwingine alimtangulia: funguo, mkoba, viatu, pumzi. Seremala, alipoitwa tena kwa ajili ya mlango uleule, alimtazama kwa huruma.

"Mama, mlango huu hauumwi. Labda tumuulize anayeupita."

Msanifu alimfukuza. Kilichomkera hakikuwa hofu, maana hofu ilikuwa haijamfika. Kilichomkera ni kwamba jambo dogo kama lile lilikataa kurekebishika, na yeye kazi yake ni kurekebisha. Alianza kuwakaripia watu ofisini. Nyumbani alikuwa akifika, anakaa kwenye kochi na kuukodolea macho mlango kama mtu aliyetapeliwa.

Alasiri moja aliondoka kazini mapema, makusudi, ili amwahi huyo anayemtangulia. Akamkuta binti yake amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka saba, nao walimwita Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele. Hakumpisha.

"Nipishe, mwanangu. Mama amechoka."

"Umeshaingia," Kijino akanong'ona.

"Nimeingia wapi, na ndiyo kwanza nafika?"

"Mama yuko chumbani, ananisuka. Amenituma mafuta."

Msanifu akakitazama kichwa cha mtoto. Upande mmoja nywele zilikuwa timutimu kama alivyoziacha asubuhi. Upande wa pili zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Msanifu alikuwa hajui kusuka hata mkeka. Mwalimu alikuwa uwanja wa nyuma akianika nguo huku akipiga mluzi.

Akamsogeza mtoto kando, akaingia, na kwa mara ya kwanza akaiona sebule aliyoichora kwa mkono wake ilivyokuwa pana, isiyo na pa kujibanza wala pa kujiandaa, akawa anatembea juu ya zulia huku ile harufu ya vumbi na mvua ikizidi kwa kila hatua, ikimjaa puani, ikishuka kooni, na mlango wa chumba uko wazi kidogo, na ndani ya chumba anasikia kitana kikipita kwenye nywele, taratibu, taratibu, kama mtu anayezichana zake mwenyewe huku akimsubiri mwingine arudi, na sauti yake mwenyewe, sauti ya Msanifu hasa, ikiimba kwa chini wimbo wa kubembeleza ambao hakuwahi kumwimbia mtoto wake kwa kuwa hakuwahi kupata nafasi, mpaka alipousukuma mlango na sauti zote zikakatika kwa pamoja.

Hapakuwa na mtu. Kitandani palikuwa na shimo la mtu aliyeketi, na godoro lilikuwa likiinuka polepole, likirudi mahali pake.

Mganga wa kwanza alifukiza chumba baada ya chumba, akasoma, akatoka jasho, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Hata barabarani hajafika, funguo zikalia.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua makali, leso haimtoki puani. Hakufukiza kitu. Alivuka mlango kuingia, akatoka, akaingia tena, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Hapa mbele palikuwa na nini?"

"Kibaraza," alisema Msanifu. "Na ujia."

"Mkapavunja."

"Nilipavunja mimi. Palikuwa hapana kazi."

Mganga akapenga kamasi, akaikunja leso. "Wapo ambao hawakai ndani wala nje. Huyu alikuwa na kwake, hapo katikati. Mlimpita kila siku, anawasikia mkitoka na kurudi, hana neno na mtu. Umepaondoa. Nje si kwake, basi ameingia. Na kuingia hakujui, anaiga tu namna unavyoingia wewe."

"Basi mfukuze."

"Nimfukuzie wapi?" Naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kueleza jambo moja. "Wewe ndiye mchoraji. Nionyeshe mahali."

Msanifu akaugeukia mlango. Machozi ya hasira yakamlenga. "Mwanangu ananiona mgeni," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Jana kaniambia yule mama mwingine hana haraka. Nifanye nini mimi?"

"Mjengee."

Kujenga nako kukawa balaa. Fundi alichukua vipimo akapotea. Aliyefuata akainua benchi likainama upande, likabomolewa. Mvua ikanyesha juu ya saruji mbichi. Mwalimu akauliza kama isingekuwa rahisi zaidi kuhama, na wakalala mzungu wa nne. Siku zote hizo yule wa ndani aliendelea kurudi kutoka kazini kabla ya mwenyewe, na Kijino akaendelea kumkimbilia.

Kazi ilipokwisha, mganga aliwakalisha wote sebuleni, jua likiwa bado juu, akaufungua mlango wote.

"Kwako kumekuwa tayari," alisema kwa adabu. "Uwawie radhi hawa kwa usumbufu."

Katikati ya zulia, pumzi ndefu ikashushwa. Viatu vikavaliwa, kimoja, halafu cha pili. Mkoba ukainuliwa. Funguo zikalia zikielekea mlangoni, na Kijino akachomoka mapajani mwa mama yake, mikono mbele.

"Mama, usiende."

Msanifu alimdaka kwa nyuma, akamkumbatia, na mtoto akajipinda mikononi mwake kama aliyekamatwa na mtu asiyemjua. Mlango ukajifunga wenyewe, polepole.

Nyumba ikatulia. Mwalimu alirudia kulala usingizi wa kukoroma. Ila Kijino, akitoka shule, hakuingia ndani tena mpaka aitwe.

Siku moja Msanifu alirudi na michoro kwapani na kinyongo moyoni. Mteja alitaka varanda iondolewe ili sebule ipanuke. Yeye akakataa, akaulizwa sababu, hakuitoa, na kazi akapewa mwingine. Alipofika, alimkuta mtoto kwenye benchi la kibarazani, macho amefumba, kichwa kimelala upande, juu ya bega lisilokuwepo. Hakikuanguka.

"Ingia ndani, mwanangu."

"Bado kidogo."

Angeweza kumvuta mkono. Lakini mganga alikwisha kumwambia kwamba pale si kwake, asithubutu kumfukuza mwenye pale mara ya pili. Alisimama hapo, michoro ikimlemea, hana hata wa kumgombeza. Mwishowe akaiweka chini, akainama ili aketi.

"Siyo hapo, mama," alisema Kijino bila kufumbua macho, akapiga-piga saruji upande wake wa pili. "Kaa huku. Huko pana mtu."

Msanifu akazunguka, akaketi upande aliopewa. Wakakaa hivyo, mtoto katikati, mpaka taa za mtaa zikawaka, na muda wote huo Msanifu hakugeuza shingo kutazama upande ule.