Sajili Iliyoitwa Mara Mbili

Jumatano moja mwaka jana, dada yangu Kavutha alitoka kwenye ofisi fulani ya ghorofa ya sita katikati ya Nairobi akicheka peke yake kama mwehu. Miaka miwili alikuwa akiandika maombi ya ufadhili, na hatimaye wafadhili walikuwa wamekubali. Wasichana kumi na wawili wa Gredi ya Sita, kutoka shule anayofundisha Uthiru, wangelala msituni usiku mmoja, wafundishwe miti, ndege na nyota. Ni watoto wa vyumba vya mabati. Wengi hawakuwa wamewahi kulala mahali pasipo na taa ya barabarani.

Wafadhili walikuwa na sharti moja: sajili iitwe jioni na asubuhi, kila mtoto aitike.

Walipewa shamba lenye msitu bondeni, chini ya Loresho. Mchana ulikwenda vizuri. Walipika, wakaimba, wakakimbizana hadi kijitoni. Giza lilipoingia, mtoto mmoja mpole aitwaye Kaindi alilala chali kwenye nyasi akauliza, "Ticha, hizi nyota zote zimekuwanga hapa?"

Kavutha aliniambia machozi yalimlengalenga.

Kisha akafungua sajili, akaita kwa sauti. Jina la mtoto na la baba yake. Wote wakaitika.

Mlinzi wa shamba, mzee aitwaye Mutie, alimsogelea. "Mwalimu," akanong'ona, "umewaita wote? Mpaka majina ya baba?"

"Si ndiyo sheria?"

"Ungehesabu vichwa tu. Hapa hatuitangi mtu jina jua likishazama."

Kavutha aliona ni mambo ya wazee. Wasichana wote walilala katika hema moja kubwa, naye akajilaza mlangoni.

Aliamshwa na sauti ya mwanamke nje ya hema, ikiita pole pole.

"Ivyne Mwaura."

Kavutha alidhani anaota. Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Niko, Ticha," Ivyne akajibu usingizini.

"Jackie Mungai."

Kavutha alimrukia Jackie akamziba mdomo. Mtoto alikuwa anahema kwa nguvu, midomo ikihangaika chini ya kiganja. Jina la tatu likaitwa. Akamziba wa tatu. La nne. Akatambaa gizani, akipapasa nyuso. Aliijua orodha ile kwa moyo. Alijua nani anafuata.

Kaindi alikuwa amelala mwisho kabisa, kona ya mbali.

"Kaindi Musili."

"Niko, Ticha."

Sauti haikuita tena. Kavutha akawasha tochi. Mfuko wa kulalia wa Kaindi ulikuwa umefungwa zipu hadi juu. Ndani hamkuwa na mtu.

Alitoka mbio, kinywa wazi. Mutie akamshika mkono kabla hajapiga kelele.

"Usimwite."

"Mtoto wa watu, mzee!"

"Ukimwita, hatajua ni nani kati yenu amfuate."

Mutie akawaamsha wasichana, akawakalisha karibu na moto, akawakataza kuitikia sauti yoyote. Kavutha akaingia msituni peke yake. Alitafuta hadi alfajiri bila kutamka neno. Ameniambia hakuna kazi ngumu kama hiyo, kumtafuta mtoto na kulimeza jina lake.

Kulipopambazuka alimwona. Ameketi juu ya jiwe kando ya kijito, amempa mgongo.

Shuleni kwao wasichana hunyolewa. Kaindi alikuja msituni na kipara. Asubuhi ile alikuwa na mistari ya nywele zilizosukwa, myembamba, safi, imeteremka hadi mabegani.

"Ulienda wapi?" Kavutha akamnong'oneza.

Mtoto akashangaa. "Si wewe ndio uliniita, Ticha? Ukanikalisha ukanisuka. Lakini mikono yako ilikuwa baridi sana."

Ivyne hakudhurika. Kwa nini, hakuna ajuaye. Katika ripoti yake Kavutha aliandika kwamba watoto wote walirudi salama. Wafadhili walifurahi, wakaahidi safari nyingine. Hajawajibu mpaka leo.

Mama Kaindi alimpeleka binti yake Kenyatta Market, kwa msusi anayeitwa Virginia, nami nikawasindikiza. Virginia alishika mstari mmoja, akaufuata kwa vidole, kisha akaondoa mkono haraka.

"Mama, mimi huanzia kwa ngozi nikienda nje," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu alianzia nje akaingia."

Akamwita mwenzake alete mashine ya kunyolea. Wakanyoa zote. Wakazichoma nyuma ya kibanda, na Mama Kaindi akasali mpaka jivu likapoa.

Jumapili iliyopita mtoto alikuja kwetu, akavua kofia mbele yangu. Nywele zimeanza kuota upya, fupi kama mchele.

Zinaota zikiwa zimeshasukwa.