Fundi na Picha ya Moto

Kila asubuhi dada wawili walifungua chumba chao cha kushonea. Mkubwa ndiye fundi, na hodari kweli kweli. Mdogo alikata vitambaa na kuzungumza na wateja, kwa sababu dada yake ni kiziwi. Fundi hakupelekwa shule, wala hakufundishwa lugha ya alama. Nyumbani walielewana kwa ishara zao wenyewe.

Siku moja pasi ilishika moto. Majirani waliuzima kwa mchanga, na mdogo akanunua pasi mpya. Lakini tangu hapo fundi hakukanyaga chumba kile. Alijikunyata kitandani, chakula hakishuki. Mdogo wake aliogopa kumpoteza.

Akampeleka kwa mshauri wa afya ya akili. Mshauri aliuliza maswali, mkalimani akayatafsiri kwa lugha ya alama. Fundi aliitikia yote kwa kichwa.

“Anaendelea vizuri,” mshauri akasema.

“Vizuri wapi!” mdogo akaruka. “Lugha hiyo ya alama haijui! Hata ukimwuliza kama yeye ni mbuzi, ataitikia! Anataka tu muache kumwuliza.”

Mshauri hakukasirika. Alikuwa mtu wa kusikia la mwenzake. Safari ya pili alikuja nyumbani kwao na msaidizi ambaye naye ni kiziwi.

“Maswali tuyaweke kando,” mshauri alisema. “Leo tutaigiza na kuchora.”

Msaidizi akajifanya anapiga pasi. Ghafla akaruka, akashika kifua, akatetemeka. Fundi akamtazama sana. Kisha naye akashika kifua chake, machozi yakamtoka.

Msaidizi akachora picha nne: pasi, moto, majirani na mchanga, pasi mpya. Akampa fundi azipange. Fundi akazipanga vizuri, ila moto akauweka mwisho kabisa.

“Masikini dada yangu!” mdogo akasema. “Kumbe anadhani moto bado unakuja!”

“Pole zetu zote hazikumfikia,” mshauri akajibu. “Tutaigiza naye tena na tena, mpaka aone umepita.”

Wakaigiza nyumbani, halafu mlangoni pa chumba cha kushonea, halafu ndani. Haraka haraka haina baraka. Fundi akajifunza kuchomoa waya wa pasi. Siku moja, bila kuelekezwa, akaiondoa picha ya moto mwishoni, akaiweka kabla ya mchanga.

Kisha akawasha pasi mpya. Akanyoosha gauni zima. Akachomoa waya, akashusha pumzi, akamgeukia mdogo wake na kupapasa tumbo: njaa!

“Leo utakula mpaka sufuria iombe msamaha!” mdogo akasema, akicheka huku analia.