Namba Iliyotumwa kwa Mama

"Jaribu tena, dada. Taratibu."

Yunisi alijaribu tena, herufi moja moja. Kompyuta ikamkatalia kwa mara ya tatu. Witness, binti wa steshenari pale Misigiri, aliinama akasoma maandishi mekundu ya Kiingereza, kisha akayasema kwa Kiswahili.

"Inasema hili ni neno la siri la zamani. Lilibadilishwa wiki tatu zilizopita."

"Na nani?"

"Haisemi."

Enock alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mchumba wake, macho kwenye mashine ya fotokopi. Yeye alimjua aliyelibadilisha. Alikuwa yeye.

Yunisi na wenzake waliosomea ualimu walikuwa wakisubiri wito wa usaili, na wito ulikuja kwa barua pepe. Enock alilipima jambo hilo kwa utulivu, kama anavyopima alizeti kabla ya kuitia kwenye mashine ya kukamua anayoiendesha. Yunisi asipouona wito hataenda, asipoenda hatapangiwa shule ya mbali, na harusi ni mwezi ujao. Ndoa ikishafungwa, angelirudisha lile neno. Hakujua kwamba siku moja angesimama hapa, akimtazama mwenye barua pepe akihangaika.

"Labda nililibadilisha mwenyewe nikasahau," Yunisi alisema. Macho yalikuwa yamemwiva. "Kichwa hiki! Kila siku harusi, harusi. Nisamehe, Enock. Umeacha kazi yako kwa ajili ya uzembe wangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Soma mwenyewe."

Alimwonyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa Luciana, rafiki yake wa chuo: *Shoga, wito umetoka! Fungua email haraka. Usaili ni keshokutwa, Dodoma.*

Enock aliurudisha mkono wenye simu.

"Njia ipo," Witness alisema. "Tunaomba namba ya uthibitisho. Itatumwa kwenye simu inayoishia na sifuri nane. Ni yako?"

"Ya mama. Nilipofungua email sikuwa na simu."

"Mama atakuwa shambani," Enock alisema haraka. "Tusimsumbue. Tuje kesho."

"Kesho natakiwa niwe njiani! Una nini leo?"

Witness aliiomba namba, na Yunisi akampigia mama yake. Spika ya sikioni ya simu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila mazungumzo yake yalikuwa ya hadhara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, kuna meseji imeingia sasa hivi, ina namba. Nisomee."

"Sisomi."

"Mama!"

"Jirani yetu mzee Melkizedeki aliwasomea matapeli namba za namna hiyo, wakamkomba mpaka senti ya mwisho. Nitajuaje kuwa wewe ni Yunisi?"

"Sauti yangu huijui?"

"Wezi wa siku hizi wanaiga hata sauti ya mchungaji."

Witness aliangua kicheko. Yunisi naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Basi niko na Enock hapa."

"Enock yupo? Mpe simu. Yeye nitamsomea, kama nilivyomsomea siku ile."

Kicheko kilikatika.

"Siku ipi, mama?"

"Si ile, wiki tatu hivi zilizopita! Alinipigia akasema umemtuma, una kazi nyingi. Nikamsomea namba yote. Kwani ile imeisha nguvu?"

Witness aliokota karatasi zilizokuwa zimeshapangwa, akaanza kuzipanga upya. Yunisi aligeuza kiti polepole.

"Enock, nilikutuma?"

"Hapana."

"Nimekuomba msamaha sasa hivi. Umesimama hapo ukanisikiliza."

Enock alitamani atukanwe, angalau angepata kitu cha kujibu.

"Nilitaka tufunge ndoa kwanza. Mke wa kaka alipangiwa Kigoma, nyumba ikafa. Niliogopa. Ningekurudishia, Yunisi, nakuapia."

"Ungenirudishia nini? Usaili?"

Yunisi aligeukia tena kompyuta.

"Uliweka neno gani?"

Enock alimtupia Witness jicho.

"Sema. Hukumwonea haya mama yangu, utamwonea haya Witness?"

"Mkewangu," alisema kwa sauti ndogo. "Na mwaka huu mbele yake."

Yunisi aliandika. Barua pepe ikafunguka mara moja. Wito ulikuwa juu kabisa: keshokutwa, saa mbili asubuhi, Dodoma.

"Yunisi! Mbona kimya?" Mama alikuwa bado hewani. "Nisome au nisisome?"

"Imeshafunguka, mama. Lakini Enock ana neno na wewe."

Alimwekea simu mbele ya kifua. Enock aliipokea kwa mikono miwili, akainama kana kwamba mama anamwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Siku ile nilikudanganya. Yunisi hakunituma. Nilibadilisha neno lake la siri ili asiuone wito wa kazi."



"Ulitumia mdomo wangu," mama alisema, "kumfungia mwanangu mlango."

"Ndiyo mama. Nisamehe."

"Ng'ombe wa mahari aliowaleta baba yako wamo zizini kwangu. Tulikuwa tumeshawapokea. Kuanzia leo ni wageni. Nitawachunga, lakini sitawakamua; maziwa wanyonye ndama. Yunisi akirudi kutoka Dodoma, atasema mwenyewe kama wanabaki. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Yunisi, nenda kwenye usaili wako."

Simu ikakatika. Witness aliuchapa ule wito bila kuombwa, akaubandua kwenye mashine ungali na joto.

"Kesho nikusindikize stendi?" Enock aliuliza.

"Utabeba begi. Hutaongea."

"Sawa."

"Na sijakusamehe."

"Najua."

"Sasa geuka."

Aligeuka, akautazama ukuta wa steshenari, pua karibu iguse rangi. Nyuma yake vitufe vilianza kulia, vikasimama, vikalia tena.

"Tayari?"

"Bado," Yunisi alisema. "Neno hili ni refu."